Mlango Uliohamia Bukundi

Siku niliyohamia kwenye nyumba yangu mwenyewe niliikuta haina mlango. Sisemi mlango mbovu, wala mlango uliopotelewa na ufunguo. Palipokuwa na mbao nne za mvule, mbili za kukunjwa kulia na mbili kushoto, palibaki tundu la kupita fahali na pembe zake. Nikiwa barabarani niliona hadi uani, hadi kwenye mpapai, hadi kwa kuku wa jirani aliyekuwa anajisaidia kwenye sakafu yangu. Miaka mingi imepita na bado nasimulia. Watu husema nimekwisha kusamehe. Sijui waliambiwa na nani.

Nyumba hiyo ipo mtaa wa zamani wa Bariadi, ule wa maduka. Ilijengwa kabla sijazaliwa na wafanyabiashara wa pamba, watu waliokuja na mizani yao na majora ya kaniki, wakafyatua matofali mapana ya udongo, wakayapaka chokaa, wakaezeka kwa mabati mazito ambayo siku hizi huyapati hata uyalilie. Nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na baraza moja refu linapita mbele yake kutoka duka la kwanza hadi la mwisho. Nguzo za baraza zina weusi wa migongo ya wakulima walioziegemea wakisubiri malipo ya pamba. Wenye maduka waliondoka mmoja mmoja, na nyumba zikaangukia mikononi mwa wenye ng'ombe, watu waliozinunua kwa sababu zilikuwa zinauzwa, wakaweka ndani yake mahindi, na wajukuu wanaosoma mjini.

Mimi nilikuwa mshonaji. Nililipa kodi ya kuweka cherehani kwenye baraza la nyumba hiyo, na jioni niliiingiza ndani na kwenda kulala na mama katika chumba cha kupanga, nje kidogo ya mji, kwa mwenye nyumba aliyekuwa anahesabu ndoo za maji tunazooga. Kila asubuhi nilikuwa mtu wa kwanza kuufungua mlango ule. Niliujua. Wakati wa masika ulivimba, ukataka teke moja chini kulia ndipo ubao wa pili uachie. Komeo lake la chuma lilikuwa na sehemu iliyolika, na kidole gumba changu kilikaa hapo bila kutafuta. Ukishaukunja wote, duka linakuwa wazi upana mzima, mteja haulizi kama umefungua au hujafungua, na mwanga unafika hadi kwenye sindano.

Ndipo ikaja miaka ile ya ruksa, serikali ilipomwachia kila mtu auze na anunue anachotaka. Mpaka leo wapo wanaoisifu, na mimi siwakatazi, kila mtu na tumbo lake. Mimi ninachokumbuka ni marobota ya mitumba yakishushwa mnadani, kafa Ulaya, na wanawake walioniletea vitenge niwakatie magauni wakipita mbele ya baraza langu wamevaa makoti ya watu wa baridi katika jua la Bariadi. Kazi yangu ikawa kupunguza viuno vya suruali za marehemu. Halafu wakaja wanunuzi binafsi wa pamba. Mwanzo ilikuwa ushirika tu, ukikopwa unakopwa na ushirika, basi. Sasa kila mwenye mizani na lori akawa mnunuzi, na kila mnunuzi alitaka ghala karibu na barabara. Nyumba za mtaa wetu, ambazo jana yake watu walikuwa wanaziita magofu, zikaanza kupigiwa hodi.

Mwenye nyumba ile ya baraza langu alikuwa mzee wa Kisukuma mwenye mifugo yake upande wa Mwamapalala. Malisho yalikuwa yamembana, akaamua kuhama na kaya yake yote kwenda Bukundi, kule Meatu ambako bado kulikuwa na nyasi za kuita nyasi. Nyumba ya mjini akasema ataiuza. Mnunuzi mmoja wa pamba akaja siku hiyohiyo, akapiga kuta kofi kama mtu anayekagua tikiti maji, akasema atavunja kuta za ndani zote aweke magunia. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale kwenye cherehani. Hakunisalimia. Alinipita kama nguzo ya baraza.

Usiku sikulala, na asubuhi nikamwambia mama kwamba nyumba ile tutainunua sisi. Kama ingekwenda kwa yule bwana, cherehani ingekuwa barabarani, na mimi na mama tungeendelea kuhesabiwa maji. Nilikuwa nimeachika, sina kaka. Nilitaka mahali ambapo nikigombana na mtu, yeye ndiye aondoke. Nilikuwa na akiba yangu ya ushonaji na mama alikuwa na ng'ombe wake kwa ndugu. Tulitoa vyote.

Mzee alikubali kutuuzia sisi badala ya mwenye lori, na sababu yake ilikuwa moja: tulikuwa wakwe. Mtoto wake mkubwa alikuwa ameoa binti wa mdogo wake mama, kwa hiyo mama yangu alikuwa mama mkwe wa yule kijana, na kwetu hilo si jambo la mzaha. Mkwe wa kiume hakai na mama mkwe, hamtazami usoni, hali mbele yake, na akimwona njiani anaingia porini mpaka apite. Siku ya kuuziana tulikaa uani, mama amempa mgongo mkwewe na mkwewe amempa mgongo yeye, na maneno yao yakawa yanapitia kwangu.

Karatasi ya mauziano ilikuwa na mistari michache. Nilitaka iandikwe kila kitu, paa, madirisha, milango, stoo ya uani, hata mpapai. Mama akanifinya paja.

"Utaandikiana na wakwe msumari kwa msumari?" akaninong'oneza. "Unataka watuone wachawi?"

Basi, nikaacha. Ikaandikwa "nyumba", mashahidi wakaweka dole gumba, tukala mbuzi.

Sasa rudi kwenye asubuhi ile ya kuhamia. Nilikuja na mkokoteni wa kukodi, juu yake kitanda, masufuria, godoro na mama. Mbele ya nyumba nikakuta mikokoteni mingine, ya maksai, na juu ya mmoja wapo mlango wangu umelazwa na kufungwa kamba, mbao zote nne pamoja na fremu yake na bawaba. Mzee alikuwa amekaa barazani akitafuna mswaki. Juu ya paa, yule kijana wake mkubwa alikuwa na mtalimbo mkononi, anang'oa misumari ya mabati, na wadogo zake wawili wanasubiri chini kupokea. Bati la kwanza upande wa stoo lilikuwa limekwisha kuteremshwa.

"Mwangaluka, mayu," mzee akanisalimia, ametulia kabisa.

Nikaitikia, kwa sababu nimelelewa. Halafu nikamuuliza mlango uko wapi.

"Umetangulia," akasema. "Unahamia Bukundi."

"Baba, si nilinunua nyumba?"

"Na nyumba si hiyo hapo?" Akanionyesha kuta.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Akanieleza polepole, kwa upole ambao ulinichoma kuliko tusi, kwamba mtu anayehama huacha udongo, kwa sababu udongo upo popote, lakini mti anahama nao. Mbuga zetu hazina mti wa kutoa ubao wa maana. Baba yake alihama na mlango wake na boriti zake, na babu yake vivyo hivyo, na mabati yalipokuja, mabati nayo yakahesabiwa kuwa mti. Na mlango huu hasa, akasema, ndio aliokuwa akimwagia pombe chini yake anapowakumbuka wazee wake waliokufa. Akiuacha atakuwa amewaacha wazee wake mikononi mwa mshonaji.

"Ukinunua ng'ombe mnadani," akamalizia, "nani alishakupa na kamba?"

Hapo ndipo palipouma, kwa sababu ni kweli. Ng'ombe anauzwa, kamba inarudi na mwenyewe. Hata mtoto anajua. Unamvalisha ng'ombe kamba yako mwenyewe na unakwenda zako, na hakuna aliyewahi kulia kwamba ameibiwa kamba. Lakini jamani, kamba na mlango? Nilimwambia nyumba isiyo na mlango wala paa ni zizi, na zizi ningejenga mwenyewe kwa miiba bila kuuza ng'ombe wa mama yangu. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama vile mimi ndiye nimechelewa kuelewa mambo.

Nikaacha kila kitu pale nikaenda ofisi ya ardhi, mbio, kanga mkononi. Afisa alikuwepo, jambo ambalo lenyewe lilikuwa la ajabu. Nikamwekea karatasi mezani. Akaisoma, akaigeuza nyuma ambako hakukuwa na kitu, akaisoma tena. Akaanza kwa kunifundisha sheria. Ardhi ni mali ya umma, akasema, haiuzwi. Mtu hanunui kiwanja. Anachonunua ni maendelezo.

Nikamuuliza maendelezo ni kitu gani.

"Ni vilivyojengwa juu yake. Kuta, paa, milango, choo."

Nikamwambia basi maendelezo yangu yamefungwa kamba yapo juu ya mkokoteni, tuondoke kabla hayajafika Itilima. Akaegemea kiti. Karatasi, akasema, haikutaja mlango. Ningepaswa kurudi na muuzaji, na balozi wa nyumba kumi, na mashahidi, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Kisha akashusha sauti, akaniambia kwa Kisukuma, kama ndugu anavyomsihi ndugu asijiaibishe, "Lakini na wewe dada, kweli ulitaka kununua mlango wa watu?"

Nilitoka pale nikihesabu. Kwa sheria ya serikali ardhi ile haikuwa yangu. Kwa sheria ya mzee mti haukuwa wangu. Sasa mimi na mama tulikuwa tumenunua nini? Tulikuwa tumenunua kivuli, na kivuli chenyewe kilikuwa kinateremshwa bati kwa bati.

Niliporudi nilikuta kimya. Yule kijana alikuwa hayupo tena juu ya paa. Alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, uso kaupeleka kwenye ginari ya kuchambulia pamba, na wadogo zake wamejibanza nyuma ya maksai. Nikaingia kupitia tundu la mlango. Katikati ya chumba cha duka, chini ya lile paa, mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, ungo wa karanga mapajani, anabambua maganda taratibu.

Mara moja nikaelewa. Mkwe hawezi kutembea juu ya kichwa cha mama mkwe. Kupita mbele yake ni aibu, sembuse kusimama juu yake na kumdondoshea kutu na misumari. Mama alikuwa ameteremka kwenye mkokoteni, akachukua kigoda, hakumwambia mtu neno, akaingia akakaa. Kijana alipochungulia kwenye tundu la msumari akaona kilemba cha nani kipo chini yake, aliruka kutoka kwenye paa hata ngazi hakuitumia. Na wadogo zake hawakuweza kupanda badala yake, kwa sababu mama mkwe wa mmoja ni mama mkwe wa wote.

Mama alikaa pale mchana kutwa. Alihama na kigoda kutoka chumba cha duka hadi chumba cha kulala hadi stoo, kufuata kila walipoonekana kutazama juu. Mimi nilikuwa namletea maji. Jua lilipoanza kushuka mzee akasimama, akakung'uta kanzu, akasema mabati mama mkwe ameyakalia, na ayakalie kwa amani. Bati moja la stoo walilirudisha wenyewe na kulipigilia. Wakaanza kufunga maksai.

Nikamwambia mama: mlango bado. Nenda ukakae juu ya mlango.

"Mlango ni wake," mama akasema.

Nilimwambia ni wangu, nimeulipia, nimeufungua kila asubuhi kwa miaka, naujua kuliko wanavyoujua wanawe. Akasema paa ni la anayelala chini yake, lakini mlango ni wa mwenye kaya, na mwenye kaya ndiye yule pale anayeondoka. Hata yeye angekuwa mzee yule angeubeba. Alisema hivyo huku anapepeta maganda ya karanga, mama yangu mzazi, ambaye ng'ombe wake wameliwa na nyumba hiyo. Mikokoteni ikaondoka. Mlango ulikuwa unayumba juu ya ule wa mwisho, na jua la jioni linawaka kwenye lile komeo nililolilainisha kwa kidole changu.

Nilikasirika, na hasira yenyewe ilikaa miaka. Nilimkasirikia mzee, nikamkasirikia afisa na Ijumaa yake, nikamkasirikia yule aliyesema ruksa bila kusema ruksa ya nini. Lakini usiku, kwenye godoro, niliyemkasirikia alikuwa ananikoromea ubavuni. Mtu anayeweza kulirudisha paa kwa kukaa tu, kwa nini ashindwe kurudisha mlango? Sikumwuliza. Tulikuwa tunaongea habari za chumvi na mkaa tu.

Mwezi wa kwanza tuliziba tundu kwa magunia, cherehani nikaifunga mnyororo kwenye mguu wa kitanda. Mnunuzi wa pamba alipita, akasimama, akacheka hadi akashika nguzo. Akasema sasa imebaki kidogo tu iwe ghala, nimuuzie. Alipita tena mwaka uliofuata, na mwaka mwingine. Mwisho fundi mwashi alinishauri kwamba mlango wa upana ule siwezi kuutengeneza upya, mbao za mvule hazipatikani na zikipatikana hazishikiki. Akapunguza tundu kwa matofali ya saruji pande zote mbili, akaniwekea mlango wa bati wa rangi nyekundu, mwembamba, wa kupita mtu mmoja akiwa hajala.

Mlango ule niliuchukia. Ukiufungua unalia, ukiufunga unalia. Duka likawa giza, nikawa nawasha koroboi saa nne asubuhi ili nione tundu la sindano. Wateja walipita wakidhani nimefunga. Wakulima wa zamani, waliozoea kuingia moja kwa moja na mizigo mabegani, waligonga saruji na kunilaumu mimi. Mtaa mzima ulikuwa na milango yake mipana inayokunjwa, na katikati yake kulikuwa na kinywa kimoja kilichoshonwa. Kila mtu aliyeuliza kuna nini nilimweleza. Nilieleza hadi watu wakaacha kuuliza.

Kisha habari ikaja kwamba mzee amefariki, kule Bukundi. Mama alikuwa mkwe, kwa hiyo kwenda ilikuwa lazima, na mimi nilikwenda kwa sababu miguu yake ilikuwa imeanza kuchoka. Nitasema kweli, nilikwenda pia kuuona mlango wangu. Njia nzima nilikuwa napanga nitausimamia vipi, nitamwambia mjane nini na msiba ukiwa umekaa.

Tulifika mchana. Kaya ilikuwa kubwa, na nyumba zake zilikuwa fupi za kuezekwa kwa nyasi, miimo ya kuinamia. Nikatazama mlango wa nyumba ya mzee: ulikuwa wa fito. Nikatazama wa jikoni, nao fito. Tulilia tulivyopasa kulia, tukakaa, nikazungusha macho, na ndipo nikasikia bawaba. Ile sauti ningeitambua hata nikiwa kaburini. Nikageuka. Kwenye zizi la ndama, katikati ya ukuta wa miiba, mtoto wa kike alikuwa anaukunja mlango wangu, ubao wa kwanza juu ya wa pili, apitishe ndama waende kunyonya. Ulikuwa umepakwa mavi hadi kiunoni. Chini kulia, pale pa teke, ndama walikuwa wamepalamba hadi pameng'aa.

Nilisimama. Miaka yote ile ya koroboi! Miaka yote ile ya kugongwa na kulaumiwa, na mlango ulikuwa unafungia ndama. Nikamuuliza mjane, mbele ya watu, sikujizuia, kama huu ndio mlango wa wazee. Akanitazama kwa mshangao. Akasema nyumba za huku ni fupi, mlango hauingii, na mzee alikataa katakata usikatwe hata ncha. Akasema uwekwe palipo na kitu cha kulindwa.

"Mayu," akasema, "hapa kuna kitu gani zaidi ya ndama?"

Nikarudi kukaa na waombolezaji, hasira imezidi.

Siku ya kuondoka, mama akaomba kigoda. Akakiweka karibu na zizi, akakaa ameupa mgongo mti ambao yule mkwewe alikuwa amejificha nyuma yake kwa heshima, mtu mzima sasa, mwenye mvi. Mama akasema kwangu, kwa sauti ya kusikika na zizi zima, "Mwambie mkwe wangu naomba ule mlango."

Sikuhitaji kumwambia. Mama mkwe akiomba haambiwi hapana. Kabla sijafungua kinywa nilisikia wadogo zake wanatafuta mtalimbo.

Tulipopata faragha nilimgeukia mama, na yaliyokuwa yamekaa kifuani miaka yote yakatoka kwa mkupuo. Kwamba kumbe lilikuwa neno moja tu. Kwamba angelisema siku ile, mlango ukiwa bado barabarani, nisingeziba nyumba yangu kwa magunia, wala nisingechekwa na mwenye lori, na macho yangu yasingeharibika. Alinisubiri nikamaliza.

"Siku ile ulikuwa na mwenyewe," akasema. "Nimwombe mkwe wangu amvue baba yake mlango, naye yu hai, amekaa pale? Sasa mwenyewe amelala. Mlango hauna mtu. Ndiyo nimeuomba."

Mlango ulirudi Bariadi juu ya magunia ya pamba, kwenye lori la yule yule mnunuzi, na dereva alitutoza nauli ya abiria wanne, mmoja kwa kila ubao. Ulipofika tukauegemeza kwenye nguzo za baraza. Nikauosha kwa maji na mchanga. Fundi akaja, akapima, akasema nililokuwa najua: tundu ni dogo. Akasema kuna njia rahisi, akate mbao mbili abakize mbili. Tena zile mbili zitatoa meza nzuri ya kukatia nguo.

Nikamwambia anipe nyundo na tindo.

Alidhani natania. Nilianza upande wa kulia, kwenye yale matofali ya saruji niliyomlipa mwenyewe ayajenge. La kwanza lilikataa. La pili likapasuka, na vumbi likanijaa kinywani, nikalitema na kuendelea. Nilimpigia mzee wa watu aliyelala Bukundi, nikaipigia Ijumaa ya afisa, nikayapigia makoti ya kafa Ulaya na lori la pamba. Mtaa ulitoka barazani kutazama. Mlango mwekundu ulianguka nje kwa kishindo na hakuna aliyeuokota. Mama alikuwa amekaa ndani kwenye kigoda chake, chini ya paa lake, anakohoa kwa vumbi, na hakuniambia niache.

Fundi alipomaliza kupigilia bawaba, wingu lilikuwa limekwisha kusimama upande wa Mkula na hewa imeanza kunuka mvua. Nikaufunga mlango kuujaribu. Ubao wa pili ukagoma. Nikaupa teke chini kulia, pale palipolambwa, ukaachia. Ulikuwa bado unanuka ndama.

"Haya," mama akasema. "Sasa ukihama utahama nao."

Nikatafuta komeo, kidole gumba kikaingia mahali pake.

"Sihami," nikamwambia.